Siku tatu za baba zinawanyima kazi mabinti zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nimjibu ndugu aliyeandika wiki iliyopita kwamba likizo ya uzazi kwa wanaume ni mambo ya Wazungu, na kwamba baba akiongezewa siku atazimalizia kijiweni akicheza bao. Barua yake niliisoma kwa sauti ofisini wakati wa chai. Wanaume walicheka na kupigana mabega. Dada wa uhasibu, ambaye tumbo lake sasa halifichiki, aliendelea kunywa chai yake.

Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda kimoja hapa Morogoro. Sitakitaja, maana ndiko ninakokula. Kazi yangu ni karatasi: barua za ajira, fomu za likizo, mafaili ya nidhamu, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Kila mtoto anayezaliwa kwa mfanyakazi wetu hupita kwanza mezani kwangu kama tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuthibitisha kuzaliwa kwake. Kazi hii nimeianza kabla sheria ya sasa ya ajira haijatungwa, kwa hiyo nimeziona hizi siku za baba tangu zilipokuwa mpya. Nisemalo ni kwamba siku 3 tunazompa baba zinamuumiza binti anayetafuta kazi kuliko zinavyomuumiza baba mwenyewe.

Kwanza sheria, kwa sababu wengi wanaibishania bila kuisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Kifungu cha 34 kinampa baba siku zisizopungua 3, nazo azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mzunguko wa likizo hizi ni miezi 36, na ndani ya mzunguko huo siku za baba zinabaki hizo hizo 3 hata akijaliwa watoto wangapi. Gawanya 84 kwa 3 uone. Mama anakaa nje ya kazi mara 28 ya baba.

Sibishi kwamba mama ndiye aliyebeba mimba, ndiye aliyeshonwa, ndiye anayenyonyesha. Siku zake zisiguswe hata moja. Ila endelea kusoma kifungu hicho hicho cha 34. Mfanyakazi anayeuguliwa au kufiwa na mtoto, au anayefiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu yake, anapewa siku zisizopungua 4. Kwa maneno mengine, babu yako akifariki unapata siku moja zaidi ya zile unazopata mwanao akizaliwa. Nimewahi kumwonesha meneja wangu mstari huo. Alivua miwani, akausoma tena, akasema, "Hii wameandika wazee."

Sasa hicho kibano cha siku 7. Kwenye karatasi kinaonekana kizuri: baba awepo mapema. Kwenye maisha ya watu kinafanya kinyume. Tuna fundi mitambo mmoja, kijana mtulivu, mke wake alijifungua kwa upasuaji. Mtoto akapata manjano, wakabakizwa wodini. Kijana akafikiri kwa akili yake ya kawaida kwamba wodi ya wazazi, wanaume hawaruhusiwi kushinda humo, ni saa ya kuona wagonjwa tu, basi siku zake 3 azihifadhi mpaka mke atakaporudi nyumbani na mshono wake, hawezi kuinama wala kuinua ndoo. Akaendelea kuingia zamu ya usiku. Akitoka asubuhi anapitia nyumbani, anapika uji wa ulezi, anautia kwenye chupa ya chai na kuupeleka hospitali, ndipo akalale. Mke aliporuhusiwa, kijana akaja dirishani kwangu na fomu imejazwa vizuri, mwandiko wa shule kabisa. Nikaangalia tarehe ya kuzaliwa mtoto. Siku 7 zilikuwa zimepita.

Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo zile siku nilitakiwa nizikalie pale getini kwa mlinzi wa hospitali?"

Nilimpa siku 4 za kuuguliwa na mtoto, kwa sababu mtoto kweli alikuwa amelazwa na karatasi za hospitali zilikuwepo. Maafisa utumishi wenzangu, njia hiyo ipo na ni halali, itumieni. Na mengine mawili nikiwa hapo hapo kwenye hii fomu. Kuna ofisi zinahesabu Jumamosi na Jumapili ndani ya hizo 3, kwa hiyo mtoto akizaliwa Ijumaa jioni baba anatakiwa kazini Jumanne na likizo yake imeliwa na siku ambazo asingefanya kazi hata hivyo. Na kuna ofisi zinadai cheti cha ndoa. Sheria imesema baba wa mtoto, basi. Haikuuliza kama mahari imelipwa. Tangazo la kizazi lenye jina lake linatosha, na anayetaka zaidi ya hapo ana jambo lake.

Ila hayo ni ya dirishani kwangu, na nisingemsumbua mhariri kwa ajili yake. Lililonifanya niandike linatokea ndani ya chumba cha usaili.

Tulikuwa tunatafuta msaidizi wa maabara, mtu wa kupima ubora wa mali kabla haijapakiwa. Kwenye mtihani wa kuandika aliongoza binti mmoja, ametoka chuo na mwaka mmoja wa kujitolea mahali. Aliyemfuata alikuwa kijana, alama zao zimeachana kwa kiasi cha kuonekana. Binti alijibu vizuri, mpaka meneja uzalishaji akamwuliza, huku anatabasamu kama mjomba, kama ameolewa na kama ana mpango wa familia hivi karibuni. Nikaingilia kati nikasema swali hilo asilijibu. Kifungu cha 7 cha sheria ile ile kinakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na nilikuwa nimewagawia wajumbe karatasi yenye kifungu hicho asubuhi ile. Binti akajibu hata hivyo. Alisema ana mchumba. Nadhani alidhani ukweli utamsaidia.

Alipotoka, meneja akasema, "Huyu ni mzuri sana, lakini mwaka hauishi tutakuwa tunatafuta mtu wa kumshikia nafasi." Akapiga hesabu yake kwenye kona ya karatasi ya maksi. Mshahara wa siku 84. Kibarua wa kushika nafasi kwa muda huo, ambaye ni lazima afundishwe kwanza. Akirudi, saa zisizozidi 2 kwa siku za kunyonyesha, ambazo nazo ni haki yake kisheria. Hakuwa na hasira wala dharau. Ni baba wa mabinti watupu, na mkubwa wao yuko chuo kikuu, anasomeshwa ili aje akae kwenye kiti kile kile mbele ya wanaume wenye kalamu. Nilimwambia hivyo. Akasema mambo ya nyumbani na ya kazi tusiyachanganye.

Wajumbe walipiga kura, kijana akachukuliwa. Mwaka haukuisha, kweli, kijana akapata mtoto. Akaleta tangazo la kizazi, akachukua siku zake 3, maabara ikaendelea, na hakuna aliyekumbuka yale maneno ya kushikiwa nafasi.

Hapo ndipo nilipo, Mhariri. Wote wawili walikuwa vijana, wote wawili walikuwa wa kupata watoto. Sheria imeuweka mzigo wote wa muda na fedha upande wa mwanamke peke yake, halafu sheria hiyo hiyo ikamwambia mwajiri asiutazame. Mwajiri anautazama. Hata ukimkataza kuuliza, macho anayo, na kidole cha binti kina pete au hakina. Ukitaka aache kutazama, mpe sababu ya kuona kwamba kijana naye ataondoka, akiwa baba, kwa muda unaohisika. Ndiyo maana nasema likizo ya baba ni suala la ajira ya mwanamke, na inaniudhi kuona inajadiliwa kila mara kama zawadi ya wanaume.

Kuna mlango mwingine wa nyuma ambao wasomaji wengi hawaujui. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hana haki ya likizo hizi zenye malipo, isipokuwa kwa wale wa msimu na wale wanaorudi kwa mwajiri yule yule mara kadhaa ndani ya mwaka kiasi kwamba jumla inazidi miezi 6. Kwa hiyo mabinti wanapewa mikataba mifupi mifupi. Mimba ikionekana, mkataba "umefika mwisho". Hakuna aliyefukuzwa, hakuna wa kumpeleka mwajiri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na faili linafungwa safi. Nimeyaona mafaili ya namna hiyo yakiletwa na waombaji kutoka sehemu nyingine, mkataba juu ya mkataba, kisha pengo. Wanaume hawana hilo pengo kwenye wasifu wao.

Na anayebahatika kubaki kazini, aje aone getini kwetu saa nne asubuhi. Dada wa kazi anashuka kwenye bajaji na mtoto amefungwa kanga, mama anatoka mbio kwenye idara ya ufungashaji akiwa bado na kofia ya wavu kichwani. Mlinzi, Mungu ambariki, anawaachia kibanda chake na yeye anasimama nje juani akijifanya anaangalia malori. Ndani ya kibanda kuna benchi, daftari la wageni na kirungu kimetundikwa ukutani. Mtoto ana miezi 3 na siku chache. Wizara ya Afya inawaambia akina mama wanyonyeshe bila kumpa mtoto kitu kingine kwa miezi 6, na siku 84 ni wiki 12. Wanaokaa mbali, ambao bajaji kwenda na kurudi ingewamalizia mshahara, wanakamua chooni na kumwaga. Nimeomba chumba. Naambiwa kipo kwenye bajeti ijayo, na bajeti ijayo haijawahi kuwa hii.

Ndugu yule wa barua ya wiki iliyopita anauliza baba atafanya nini nyumbani wakati hanyonyeshi. Nadhani hajawahi kumkanda mzazi. Kuna kuchemsha maji, kuna kufua nepi kila asubuhi, kuna mtoto mkubwa wa kupeleka shule, kuna sokoni, kuna kliniki, kuna usiku ambao mtoto ameshiba na bado analia na mtu anatakiwa ambebe atembee naye sebuleni mama apate saa moja ya usingizi. Nyonyo ni sehemu ndogo ya kazi hiyo yote. Zamani iliyobaki ilifanywa na bibi, shangazi na majirani. Siku hizi bibi ni mimi, na mimi nipo kazini.

Binti yangu alijifungulia Dodoma. Mkwe wangu anafanya kazi kampuni binafsi, akapewa zile 3. Ikabidi mimi nichukue likizo yangu ya mwaka, zile siku 28 ambazo nilikuwa nimezipangia kwenda kupaka chokaa nyumba ya wazazi Matombo, nikapanda treni ya SGR na mfuko wa ndizi za mtori. Sheria haina likizo ya bibi, na siidai. Ila wanaosema Watanzania tunajiweza bila likizo ya baba, kwa sababu familia zetu zinasaidiana, wajue kusaidiana huko kunalipwa na nani. Kunalipwa na wanawake wa umri wangu, kwa siku zao za kupumzika. Na wengine hata hizo hawana, wana genge la nyanya ambalo likifungwa wiki mbili wateja wanahama.

Halafu kuna aibu yake. Mimi ni Mluguru. Kwetu ukoo ni wa mama, mtoto ni wa upande wetu, na mjomba kwa kawaida ana neno zito kuliko baba. Ukinitazama hivyo, ningekuwa wa mwisho kumpigania baba. Lakini nilikaa kwenye nyumba ile ya vyumba viwili Dodoma, mama mkwe na mkwe tunapishana koridoni kwa kukohoa, yeye anakuja saa moja usiku anataka kumbeba mwanawe na hajui ashike kichwa au miguu. Nilimwonesha. Kufikia wiki ya pili alikuwa anamwogesha mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa, analalamika maji ni ya moto sana, mimi nasema ndivyo yanavyotakiwa. Hakuna kilichomshinda. Alichokosa ni kuwepo mchana.

Kuhusu kijiwe. Ndiyo, wapo watakaokwenda kijiweni. Wapo wanaochukua likizo ya mwaka na kuilewa yote mpaka mshahara unaisha, na hakuna aliyewahi kupendekeza tuifute likizo ya mwaka. Wapo akina mama wanaotumia siku 84 kuzungusha vitenge na mafuta ya alizeti maofisini, mtoto mgongoni, na mimi nimenunua. Likizo ikiwa haki, mwenye nayo ndiye anayejua ataitumiaje, na akiitumia vibaya mke wake atamalizana naye. Siyo kazi ya gazeti wala ya mwajiri.

Na hayo ya Wazungu pia nayakataa. Vuka Namanga tu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba wiki 2 kwa mshahara kamili, na viwanda vya Thika na Athi River havijafungwa kwa sababu hiyo. Rwanda baba anapata siku 7 za kazi. Afrika Kusini, Oktoba 2025, Mahakama ya Katiba ilisema wazi kwamba si haki sheria kumpa mama miezi na baba siku 10, ikaelekeza kwamba wakati Bunge likirekebisha sheria hiyo, wazazi wote wawili wanaofanya kazi wagawane miezi 4 na siku 10 kati yao. Huko kugawana sikupigii debe hapa kwetu, na nitasema kwa nini: ninawajua wanaume wetu na ninajua nani atakayeshinikizwa arudi kazini mapema. Mimi nataka siku za baba ziwe zake, zisihamishike, na zisitolewe kwenye fungu la mama.

Hapa nyumbani nako mambo yanaweza kubadilika watu wakiyasukuma. Mabadiliko ya sheria za kazi yaliyopitishwa mwanzoni mwa 2025 yamemwongezea mama wa mtoto njiti muda, kwamba siku zilizobaki kufikia wiki 40 za ujauzito zisiliwe ndani ya zile 84. Akina Doris Mollel, wanaharakati wa watoto njiti, walilipigia kelele jambo hilo kwa miaka. Mimi nilishaandika barua ya kumrudisha kazini mama ambaye mtoto wake ndiyo kwanza ametolewa kwenye mashine ya joto, kwa hiyo siku nilipoisoma sheria hiyo niliichapisha nikaibandika ubaoni bila kusubiri maelekezo. Lakini siku za kawaida za baba zimebaki pale pale zilipowekwa mwaka 2004.

Waajiri nao nawasikia. Nawahudumia, najua wanavyohema. NSSF, mfuko wa fidia (WCF), tozo ya ufundi, leseni, ukaguzi. Mwenye karakana ya mafundi wanne akiondokewa na mmoja kwa mwezi, robo ya kazi imesimama, na kumwambia kwamba huu ni usawa wa kijinsia hakumsaidii kulipa pango. Kwa hiyo swali la kweli ni nani anayelipa, na hapo naona tunazunguka.

Rwanda walilijibu. Mwaka 2016 walitunga sheria ya mfuko wa likizo ya uzazi chini ya bodi yao ya hifadhi ya jamii. Kila mfanyakazi, awe mwanaume au mwanamke, anayezaa na asiyezaa, anakatwa asilimia 0.3 ya mshahara, na mwajiri anaweka asilimia 0.3. Wiki 6 za mwanzo mama analipwa na mwajiri, zinazofuata ni za mfuko. Kwa mfanyakazi wetu wa Sh400,000 hiyo ni Sh1,200 kwa mwezi, chai na chapati mbili za kantini yetu. Mwajiri mwenye wanawake mia na mwajiri mwenye wanaume mia wanachangia sawasawa. Yule meneja uzalishaji na kalamu yake, hesabu yake ya kona ya karatasi ingepungua nusu.

Na sisi hili si geni. NSSF tayari ina fao la uzazi kwa mwanachama mwanamke aliyetimiza masharti ya michango, ila sheria ya kazi bado inamtaka mwajiri atoe mshahara wa siku 84 mfukoni mwake, kwa hiyo hofu ya mwajiri iko pale pale. Na tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tangu 2015. Fundi akikatwa kidole na mashine, mzigo wa fidia ni wa mfuko ambao waajiri wote wanauchangia. Sijasikia tangu hapo meneja akisita kuajiri mtu wa mashine ya kukata kwa kuhofia kwamba ataumia. Tukiweza kufanya hivyo kwa kidole, sioni kinachotushinda kwa mtoto.

Ninachokipendekeza mimi, kwa mtu yeyote wa Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii anayesoma gazeti hili, ni baba apate siku 14 za kazi, azichukue wakati wowote ndani ya miezi 3 ya mwanzo, hata kwa mafungu mawili, zilipwe na mfuko wa pamoja, na fomu idai tangazo la kizazi tu. Mwajiri asiruhusiwe kuzinunua. Hilo la kununua nalitilia mkazo, maana bila hivyo nusu ya wanaume wataziuza wiki ya kwanza na tutakuwa tumeunda posho badala ya likizo.

Najua watauza kwa sababu nimewaona. Kwenye mazungumzo yaliyopita ya mkataba wa hali bora kazini kwetu, chama cha wafanyakazi kilikuja na madai mengi, na mojawapo lilikuwa siku 7 za baba. Kamati ya wanawake ndiyo iliyolidai, wala si wanaume. Tulikaa mpaka jioni. Mambo yalipobana, uongozi ukasema utaongeza posho ya chakula endapo madai mengine yatapunguzwa, na jambo la kwanza kuondolewa mezani, kabla hata ya sabuni ya kuogea na gamboti, lilikuwa lile la baba. Aliyeliondoa ni mwenyekiti wao, mwanaume wa makamo mwenye watoto wengi, na alifanya hivyo kwa kupunga mkono tu. Mama mmoja wa kamati akaniangalia mimi niliyekaa upande wa mwajiri, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa kulitetea. Uongozi ulikuwa tayari kulikubali. Nilikuwa na karatasi yenye idhini mapajani.

Mkataba huo unafika mwisho mwaka huu na mazungumzo yataanza upya. Mimi nitakaa upande ule ule wa meza, ndiyo kazi yangu. Mwenyekiti yule ni msomaji wako wa kila siku, huwa anaanza na kurasa za michezo, kwa hiyo nakuomba, Mhariri, kama nafasi inaruhusu, barua hii uiweke karibu na habari za Simba na Yanga.

Ni mimi msomaji wako,
Afisa utumishi (jina usilichapishe),
Kihonda, Morogoro